Rutebuka, Uliyekataa Kupita Juu ya Makaburi ya Okolona

Walikufukuza kazi kwa sababu ulikataa kupitisha tingatinga juu ya makaburi ya watumwa, na kazi uliyoipata mbali ndiyo iliyokuua. Leo, tarehe 18 Julai 2016, mwaka umetimia, kaka yetu Rutebuka. Watu walituambia mwaka mmoja unatuliza. Haujatutuliza.

Wanaosoma wajue ulikuwa mtu gani. Kila familia iliyofika hapa Highview, Louisville, kutoka kambi ya wakimbizi, uliipelekea galoni ya maziwa kabla haijafungua mizigo. Uliwafundisha wanaume wetu kuendesha gari kwenye uwanja wa kanisa, na aliyekwaruza gari lako ulimcheka tu. Ukiosha vyombo ulitaja ng'ombe wa Baba mmoja mmoja kwa jina, mpaka watoto wako wakawajua wote, wao ambao hawajawahi kukamua.

Baba aliuawa milimani kwetu mwaka 1998. Tulikimbia, hatukumzika. Hatujui mifupa yake iko wapi. Hilo hukulizungumzia sana, lakini halikukutoka.

Oktoba 2014 ghala la Okolona tulikofanya kazi sote wawili lilitaka kupanua maegesho ya malori, na wewe ndiye uliyeendesha tingatinga. Chini ya miti ukakuta mawe yamesimama mawili mawili, moja kichwani, moja miguuni. Ulihesabu makaburi ishirini na sita, mengine mafupi ya watoto. Sisi tumekua tukichunga. Kundi halipitishwi juu ya kaburi, unalizungusha hata mvua ikupige. Ulizima mashine, ukamwita msimamizi. Akasema ni mawe tu.

"Mawe hayajipangi mawili mawili," ulimjibu. "Hapa kuna watu."

Mkeo Umutoni alikuwa akimhudumia nyumbani mama mzee Mmarekani Mweusi, Bi Odessa, mzaliwa wa hapohapo. Alipomsimulia, Bi Odessa akaomba apelekwe. Alikuletea habari ambayo hakuna aliyetuambia tulipopewa viza: kwamba Kentucky haikujiunga na majimbo ya waasi, lakini ilishikilia watumwa wake mpaka vita vya Kaskazini na Kusini vikaisha. Baba wa bibi yake alitoroka shamba lile mwaka 1864 kwenda kuwa askari wa Kaskazini. Mwenye shamba akamnyima mke aliyeachwa kuni na chakula. Watoto wao wawili walikufa majira yale ya baridi na kuzikwa pale. Baba yao alirudi na sare ya jeshi, akaonyeshwa mawe.

Bi Odessa alikuuliza kwa nini unajisumbua na watu usiowajua. Ulimwambia, "Mama, kama kuna mtu amepita karibu na baba yangu, ningetaka azunguke."

Kampuni ilileta karatasi: sisi wafanyakazi wa uwanja tusaini kwamba hatukuona makaburi. Mchungaji wetu alisema tusiwe wagomvi katika nchi ya watu. Nami Kagabo, mdogo wako, ninayeandika haya, nilikuja kwako na karatasi yangu imekwisha kusainiwa.

"Bon, mkubwa, wale si wafu wetu," nilikuambia. "Uko na watoto wane. Saini tu."

Uliniuliza, "Wafu wetu ni wapi, Kagabo? Nionyeshe kaburi moja tu."

Niliipeleka karatasi yangu ofisini. Ulifukuzwa siku ya Ijumaa. Jumatatu dereva mwingine alipanda tingatinga, na mimi nilisimama pembeni na kofia ya kazi kichwani, nikielekeza malori. Bi Odessa alipopiga simu ofisini, walimsomea majina yetu sisi tuliosaini. Langu lilikuwa la tatu.

Huku Louisville hakuna ghala lililokuchukua tena. Binamu yetu Zéphyrin akakutafutia kazi Columbus, ukalala kwenye kochi lake kule Hilliard. Kila Jumamosi, ukitoka zamu ya usiku, uliendesha kwa muda wa saa tatu na nusu urudi kwa mkeo na watoto, na Jumapili baada ya ibada unageuza. Dada yetu Nyirangabo alikusihi kutoka Buffalo upumzike hata wiki moja. Ulimtania kwamba anaongea kama bosi. Jumamosi ile, saa nne asubuhi, usingizi ulikushika kwenye usukani kabla hujafika Cincinnati.

Tumesikia wakisema ulikuwa mkaidi. Walisema hivyo msibani, wakila chakula chetu. Hukuwa mkaidi. Ulikuwa sahihi, na tulikuacha peke yako. Mchungaji anajua. Mimi najua zaidi.

Unakumbukwa na mkeo Umutoni, wanao Teta, Bonheur, Chimène na Rurangwa, dada yako Nyirangabo na familia yake kule Buffalo, Zéphyrin wa Hilliard, Bi Odessa, aliyeomba jina lake liandikwe pamoja na ya ndugu, nami mdogo wako. Maadamu mmoja wetu anapumua, utatajwa.

Hesabu ni hii. Miezi tisa mbali na nyumba yako. Safari thelathini na sita, na moja isiyofika. Mjane mmoja wa miaka thelathini na nane. Watoto wanne, wa mwisho ana miaka mitatu na hakumbuki sauti yako. Kaka mmoja. Sikuwa na mwingine.