Matawi Yaliyochomekwa Bila Mizizi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Miche, ndivyo ninavyoitwa na kila mtu. Umri: miaka 43. Kazi: mtunza kitalu, mradi wa pamoja wa kurudisha mikoko. Makazi: nyumba ya pili nyuma ya ofisi ya mradi.

Mdogo wangu wa kiume, nahodha wa boti ya mradi, yuko mahabusu hapa kituoni tangu juzi. Anadaiwa kukata mikoko ya nchi jirani kwa akili yake mwenyewe. Si kweli, ndiyo maana nimekuja bila kuitwa.

Mto wetu ndio mpaka, hadi unapoingia baharini. Kwa makubaliano, wao wanahesabu miche yetu na sisi yao, kila miezi sita. Hesabu hufanyika kwenye boti maji yakijaa, kwa kuona majani. Miche yao imeshika, hata ndege yangeyange wamerudi kutaga. Yetu ilioza, kwa sababu msimamizi wetu wa mradi alikuwa na haraka, akaamuru tuipande pamoja na viriba vyake, ile mifuko ya nailoni. Mzizi utapumulia wapi ndani ya nailoni? Nilimwambia. Akasema, "Wewe kazi yako ni kumwagilia."

Mnamo tarehe 11, saa mbili asubuhi, alituita ofisini mimi na mdogo wangu. Wakaguzi wa ng'ambo walikuwa waje kesho yake. Alikuwa anachokonoa meno. Akasema, "Vukeni mkakate matawi, mje mchomeke kwenye tope. Wataona majani tu."

Mdogo wangu akauliza, "Bosi, tukikamatwa?"

"Mimi nipo."

Tulifika ng'ambo saa nne na nusu, tukangoja maji yatoke. Mimi nilishika boti na kupokea, yeye akakata. Matawi mengine yalishuka na viota. Makinda yalianguka topeni, hayana hata manyoya, yanaachama midomo. Moja nililikanyaga. Nilisuuza mguu pembeni ya boti, kisha nikaendelea kupokea. Hadi jioni tulikuwa tumechomeka matawi mia mbili na kumi.

Tarehe 12, saa tano asubuhi, tuliwapeleka wakaguzi kwa boti yetu. Msimamizi alikuwa akionyesha huku na huku, meno yote nje. Mkaguzi mmoja, mama mtu mzima, aliinama akashika tawi, likatoka kama kijiko kwenye uji. Chini lilikuwa na alama ya panga. Akavuta la pili, na la tatu.

Akauliza, "Haya mmeyatoa wapi?"

Msimamizi alimnyooshea kidole mdogo wangu. "Huyu ndiye niliyemkabidhi kupanda. Kumbe ananidanganya." Hakupepesa hata jicho.

Yule mtu ananitia kinyaa, mwandike hivyo hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka kwake, na nikanyamaza, nikiwaza kazi yangu. Mdogo wangu aliniangalia mara moja, akatazama chini. Mpaka leo hajanitaja.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyafanya kwa mikono yangu. Sikulazimishwa na mtu kuyasema.

Sahihi: Mama Miche
Tarehe 14, saa nane na dakika kumi mchana

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akakubali kuwa ni sahihi. Nimemweleza kwamba kwa maneno yake mwenyewe anaweza kushtakiwa. Akajibu, "Najua. Nipeleke alipo." Nimemfahamisha kuwa mahabusu ya wanawake iko upande mwingine wa jengo.

Koplo wa zamu