Chupa ya Dawa Kutoka Kabazi

Nakuru, Alhamisi jioni, 1957.

Mvua imenyesha tangu saa nane na soksi zangu bado zimelowa, lakini siwezi kukaa kitako. Mistari hii ya kwanza naiandika nimesimama.

Kiprono hakufungwa.

Katika miaka mitatu ya kuwa karani na mkalimani wa wakili wetu wa Kihindi, sijaona siku kama ya leo. Kiprono ni dereva wa lori la maua ya pareto kutoka Kabazi. Mwezi uliopita polisi walimkuta amelalia usukani, lori limeingia mtaroni, magunia yametapakaa barabarani. Hakunuka pombe. Ila macho yalikuwa mekundu na ulimi mzito, basi wakaandika kwamba aliendesha gari akiwa amelewa bangi. Kosa hilo lina kifungo, na leseni huchukuliwa.

Nikiri hapa, maana hapa hakuna anayenisikia. Nilimhukumu kabla ya hakimu. Alipotuambia kwamba alikunywa dawa ya kikohozi tu, nilimtafsiria wakili huku nacheka moyoni. Wakili alimweleza kwamba akikubali kosa huenda atatozwa faini na kupoteza leseni basi. Akibisha akashindwa, huenda ni jela. Mimi nikamsihi akubali.

Kiprono alinitazama mimi, si wakili.

"Karani, mwambie sikuvuta bangi. Nikikubali, watoto wangu wataitwa watoto wa mvuta bangi mpaka wazeeke."

Wakili alifunga faili, akanituma Kabazi nikaitafute chupa ya hiyo dawa.

Nilipanda basi Jumatatu ya wiki jana nikinung'unika njia nzima. Mke wake, Mama Chebet, hakuniuliza mengi. Aliitoa chupa nyuma ya debe la unga, dawa imebaki nusu. Karatasi iliyobandikwa ilisema vijiko viwili, asubuhi na jioni. Juu ya usingizi, hakuna hata neno.

Kumbe dawa ilikuwapo kweli.

Nilikwenda moja kwa moja kwa dresa wa zahanati aliyempa dawa ile, mzee mpole mwenye miwani, nikitarajia atakana. Aliigeuzageuza chupa. Kisha akasema mwandiko ni wake, dawa ile humlaza mtu, na siku hiyo wagonjwa walikuwa wengi mno, akasahau kumwonya. Angeweza kunifukuza. Leo alikuja mahakamani amevaa koti lake la kanisani.

Mwendesha mashtaka alisema hata dawa ya zahanati ikimlevya dereva ni kosa. Nilimwona hakimu akitikisa kichwa kukubali, nikaogopa. Wakili wetu akasimama akasema mtu asiadhibiwe kwa ulevi ambao hakujua anaumeza. Ndipo dresa akaulizwa kama anaelewa kwamba anajiletea lawama. Nilitafsiri jibu lake neno kwa neno.

"Lawama ni yangu. Siwezi kumwachia mgonjwa wangu aibebe."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu sana. Shtaka la kuendesha akiwa amelewa likafutwa. Kwa kutosimamisha lori alipoanza kusinzia, Kiprono alitozwa faini ndogo, na leseni yake akarudishiwa.

Ile leseni aliishika kwa mikono miwili.

Nje, tukijikinga na mvua barazani, nilimwambia ukweli kwamba mwanzoni sikumwamini hata kidogo. Alisema alijua tangu siku ile ofisini, usoni mwangu.

"Lakini maneno yangu uliyafikisha yote, Karani. Hukuyapunguza."

Kesho asubuhi nitamwomba wakili aniruhusu kusoma vitabu vyake vya sheria saa ya chakula cha mchana. Akikataa, nitamwomba tena Jumatatu.