Nyasi za Shimo la Saba Zimeota, Baba Priscille

Mwaka umetimia leo, Baba Priscille, tangu ulipousimamisha ufito wako nyuma ya mlango wa banda la mashine, ukaja nyumbani kupumzika kidogo, na Bwana akakuita. Tulidhani siku hii tungeiandika kwa machozi. Tunaiandika kwa furaha, na sasa hivi utajua kwa nini.

Kwa miaka kumi na tisa ulitunza uwanja wa gofu wa kijiji cha wastaafu, hapa Uccle, ughaibuni. Kila alfajiri ulipita na ule ufito mrefu ukipangusa umande kwenye nyasi ili zisishikwe na kuvu, na kila mstari ulimwombea mzee mmoja kwa jina. Wao walikupendea utani. Madame Anne-Marie, mwenye miaka themanini na sita, alipopiga mpira ukapotelea angani, ulimwambia, "Bibi, huo umeshakwenda kuhiji kwenye basilika ya Koekelberg."

Naye akakujibu, "Basi na uniombee huko, Papa Rodgers."

Wiki yako ya mwisho ulipanda upya nyasi fupi zinazozunguka shimo la saba. Ulipofariki, wazee walileta mashada ya maua wakayalaza papo hapo, juu ya chipukizi zako, kwa heshima. Hakuna aliyethubutu kuyaondoa. Baada ya wiki tatu nyasi zote za chini yake zilikuwa zimeoza, na mkurugenzi wa kijiji akasema ataweka zulia la nyasi za plastiki.

Mkeo Evaline alivua aproni akamwendea. "Nipe muda mpaka siku ya kumbukumbu yake."

"Mama, wewe ni mpishi hapa. Unajua nini kuhusu nyasi?"

"Sijui. Nitajifunza."

Ungemcheka sana. Miaka hamsini na saba, darasa la jioni, miwani puani, daftari limejaa magonjwa ya nyasi kwa Kifaransa. Binti yako alimwuliza, "Mama, hapo unasali au unasoma?"

"Vyote. Kimoja peke yake hakinifikishi."

Septemba alipiga magoti pale shimoni, akapanda mbegu. Zilichipua kidogo, kisha baridi ikazilaza, na mpaka Februari pakawa matope matupu. Hata hivyo kila alfajiri alipita na ufito wako, akiwataja wazee wako mmoja mmoja kabla ya kwenda jikoni. Baridi ilipoondoka, mizizi ikachipua tena.

Jana mkurugenzi aliinama, akapitisha kiganja juu ya nyasi zile. Kisha akasema, "Zulia siliweki tena."

Leo saa nne shimo la saba linafunguliwa! Pale palipolala mashada yakaoza na kuwa mbolea, nyasi zimekuja na kijani kilichokolea zaidi, maduara manne kamili, na wazee wameshaanza kubishana lipi ni la shada la nani. Mpira wa kwanza ataupiga Madame Anne-Marie. Ana wasiwasi. "Na ukienda Koekelberg?"

"Leo piga taratibu, Madame," Evaline amemwambia. "Anaangalia."

Wanaokukumbuka ni mkeo Evaline, binti yako Priscille, mjukuu wako Imani, dada yako Georgina aliyeko Mbeya, na wazee wote wa kijiji. Tunamshukuru Mungu aliyekuazima kwetu. Maadamu umande unaanguka, mstari wa kwanza ni wako, na jina lako halitatutoka mdomoni.