Moyo unapiga?

Shoga, acha unachofanya usome. Tumetoka hospitali sasa hivi.

Mimi na kaka yangu tulimsindikiza wifi, mkewe, kupimwa kwa ultrasaundi, mimba ya miezi saba. Mpimaji alikuwa anatutania vizuri tu, mara akaacha utani. Anasogeza kile kifaa tumboni, anarudi palepale. Kisha akatoka kumwita daktari.

Daktari akatazama weee, akasema, "Mama, moyo wa mtoto una tundu. Na ukuaji wake uko nyuma, ni kama wa miezi mitano na ushei."

Tundu. Kwenye moyo! Amelitamka kama anataja tundu la sindano.

Kaka yangu, maskini, akauliza, "Ni wa kike au wa kiume?" Sote tukamgeukia. Ulimi ulimteleza tu.

Wifi kalala chali, machozi yanamtiririkia masikioni. Daktari alipoanza habari za rufaa, akamshika mkono wa koti.

"Daktari, moyo unapiga?"

"Unapiga."

"Basi usimzungumzie kama marehemu. Niwekee sauti nimsikie."

Akaweka. Shoga, ulikuwa mbiombio, kama mtu anayekimbia na kandambili. Kaka ndiye aliyeangua kilio.

Kesho asubuhi wanaonana na bingwa wa moyo. Wifi kakataa kupumzika. Yuko chumbani anapanga upya nguo za mtoto, zile ndogo kuliko zote anaziweka juu. Mimi namkunjia tu.