Baka la Msumari

4 Machi

Mdogo wangu,

Habari za masiku? Wifi hajambo? Mgongo wako je, bado unakusumbua? Huku miili ni mizima, moyo ndio mgonjwa. Mwanangu Msumari hajarudi. Aliaga anakwenda kutafuta kazi ya ujenzi, akasema ataandika akifika, na mpaka leo kimya. Nimekwenda polisi, nimekwenda hospitali, kote wanataka picha. Picha zake zote ziliharibika paa lilipovuja, nimebaki na kipande hiki cha filamu, aliyopigwa siku anamaliza shule. Fundi picha wa hapa anasema ni ya rangi, na mashine ya rangi ya mjini imekufa. Nikamwambia nina mdogo wangu anasafisha picha tangu hajaota ndevu.

Nakuomba lile baka jekundu la shavuni lionekane. Bila hilo ni kijana mwembamba tu, na vijana wembamba wamejaa kila mahali.

Dada yako

16 Machi

Dada,

Shikamoo. Wifi yako anakusalimu na anakupa pole. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana.

Nisikufiche, filamu hii inanitoa jasho. Ina utando wa rangi ya chungwa, na karatasi zangu ni za nyeusi na nyeupe, hazioni wekundu. Ndiyo maana nafanya kazi na taa nyekundu bila kuziharibu. Sasa baka la mpwa wangu ni jekundu. Nikimulika sana, uso wote unaingia giza na baka linamezwa humo. Nikipunguza, uso unapauka na baka linakwenda nao. Nimejaribu karatasi kali, zile za kutenganisha weusi na weupe, nimebadili dawa, wapi.

Wifi yako alichungulia kwenye trei akaniuliza huyu ni nani. Nilimkasirikia bure.

Nakutumia zilizo afadhali.

Mdogo wako

5 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Mimi nipo, nakula kwa kulazimishwa na jirani.

Nilipofungua bahasha nilidhani umekosea ukaniwekea za mteja. Halafu nikaona masikio, nikajua ni yeye. Mbona shati limekuwa jeusi? Lilikuwa jekundu, nilimnunulia mwenyewe. Nimewaonyesha wasafiri kule stendi, wanatikisa kichwa kabla hata hawajaishika vizuri.

Wewe una brashi za kurekebishia picha. Lichore hilo baka. Najua hupendi, lakini nifanyeje?

Dada yako

12 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini umeanza kulala.

Nimelichora. Brashi ilipitiliza, kwa hiyo limekuwa kubwa kuliko lake, na jeusi ti. Ningekuwa na njia nyingine nisingekutumia hizi. Nimemlea yule mtoto likizo ngapi, nimembeba begani, na sasa nashindwa hata kumtoa kwenye karatasi. Zibandike tu, huenda Mungu akasaidia.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Samahani kwa kunyamaza. Sikuumwa, nilikuwa nasubiri nipate habari ya kukuandikia.

Nilibandika picha ukutani hospitali ya wilaya, pale wanapoandikisha wagonjwa. Juma lililopita nilirudi kuuliza, nikamkuta mama mmoja amesimama mbele yake analia. Nilikimbia kumshika mkono, nikijua kuna mtu amemwona Msumari. Akanambia, "Huyu ni mwanangu, mama. Alitoka asubuhi moja hajarudi."

Nikamuuliza amemjuaje. Akaweka kidole juu ya baka ulilolichora. Anasema wa kwake alizaliwa nalo, jeusi, kubwa hivyohivyo, shavu hilohilo. Akanishukuru kwa kumbandika, alidhani mimi ni wa hospitali. Hana picha yoyote ya mwanawe, akaniomba hiyo.

Nilitaka kumwambia si wake. Nikaitazama tena, nikaitazama sana, mdogo wangu, na sikuweza kuapa kuwa ni wangu. Nikaibandua nikampa. Akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akaondoka nayo.

Dada yako