Mwanamke Ukingoni mwa Ziwa

Jumatatu, 12 Oktoba 1998
Taarifa rasmi kwa walimwengu: leo mimi, Vuai bin Kitambi, muuza madaftari, nimemaliza tyubu yangu ya kwanza ya buluu. Msilie — nyingine ninayo. Nilikwenda Yide Lu, mtaa wa maduka wa huku kwa Wachina, kununua rangi za maji za watoto wa shule, nikajaribu boksi moja, basi! Sasa kila jioni nipo bustani ya Liuhua, nachora ziwa, ukungu, na milima isiyokuwepo.

Bi Swalha, mjane wa Mombasa anayetupikia wafanyabiashara wote jengoni, anataka picha ya mandhari chumbani kwake. Yangu hiyo. Picha itangulie, posa ifuate.

Jumatano, 14 Oktoba
Kioko naye kanunua rangi. Kioko wa Machakos, mnunuzi wa viatu soko la Zhanxi! Juzi hajui brashi inashikwa wapi. Leo ukungu wake unatembea. Wangu umeganda kama uji uliomwagika. Swalha kamwambia, "Kioko, hapa natamani nikae nilie." Kwangu: "Umejitahidi, kaka Vuai."

Kaka!

Ijumaa, 16 Oktoba
Nimempa Kioko ushauri wa kitaalamu. Mandhari tupu haina mahaba — tia mwanamke ukingoni, peke yake, anatazama maji. "Kweli, mzee?" Mzee! Nimemzidi miaka mitatu. "Kweli kabisa."

Kioko Mkristo, hajui. Swalha anaswali chumbani mle, na anaposwalia hatundiki picha ya kiumbe. Hata kalenda ya paka aliyopewa na laoban, yule tajiri wa Kichina mwenye duka la viatu, aliigeuza ikatazama ukuta.

Jumapili, 18 Oktoba
Imekataliwa! Mbele ya sahani zetu: "Chenye roho sitokitundika, Kioko. Naswali pale." Nikaongeza wali. Nikamfariji hata — mnafiki mimi.

Ningeishia hapo. Ukweli wenyewe huu. Nilisahau kofia sebuleni, nikarudi. Swalha ameipakata ile picha. Mwanamke wa ukingoni ana mtandio wa kijani, kama wake.

"Ni mimi huyu?"

"Kutia mtu ni wazo la mzee Vuai," akajibu Kioko. "Kutia wewe ni langu."

Swalha akacheka — kicheko ambacho mimi sijawahi kumchekesha. Hakuitundika, la. Akaifunga kwa kanga, akaitia sandukuni mwake pale pembeni, juu ya nguo zake. Ndipo wakaniona.

"Afadhali umekuja, mzee," kasema Kioko. "Mtu akitaka kusilimu, anaanzia wapi?"

Swalha kainamia kanga.

Nikasema ngojeni nipande chumbani nikachukue miwani, jambo hili zito. Wananingoja chini.

Miwani ninayo usoni.