Kikohozi cha Baba

Mdogo wangu Ruggero,

Huku nyanya zimezaa sana; tumepika sosi na kujaza chupa zote. Gazeti limeandika kwamba albamu yenu ya kwanza imewaliza watu wa Milano, eti bendi yenu inawasemea wafanyakazi wa kiwanda cha chuma.

Baba aliisikiliza kitandani. Wimbo mmoja ulipoanza akaniuliza, "Loredana, mbona mdundo huu naujua?" Kisha akakohoa, na sote tukaelewa. Ulimrekodi akiwa usingizini ulipokuja Pasaka, ukakifanya kikohozi chake ngoma.

"Zima," akasema. "Kiwanda kimekula mapafu yangu. Huyu naye kachukua kilichobaki."

Tulimzika Jumanne. Sikukupigia simu kwa sababu mwenyewe alisema usiitwe.

Sasa baa ya hapo chini wanaupiga wimbo wako kila jioni, na vijana wanaucheza. Mama akiusikia tu, hujaza glasi ya maji na kukimbilia chumbani. Jana nilimkuta amesimama kando ya kitanda kitupu. Nikamwambia, "Mama, twende ukale."

"Ngoja kwanza," akanijibu. "Humsikii anavyokohoa?"

Usinijibu.

Dada yako,
Loredana